Chungwa la darasani na wavu wa Liuli

Ukisoma shahada ya uzamili katika amani na utatuzi wa migogoro, karibu chuo chochote utakachokwenda, utakutana na chungwa mapema sana. Watoto wawili wanagombania chungwa moja. Mwishowe wanalikata katikati, kila mmoja anachukua nusu yake. Wa kwanza anakula nyama na kutupa ganda. Wa pili anatupa nyama, ganda analitia kwenye keki. Laiti wangeulizana tu kila mmoja analitakia nini, mmoja angepata nyama yote na mwenzake ganda lote.

Hadithi hiyo ilipata umaarufu kupitia Getting to Yes, kitabu kidogo cha Roger Fisher na William Ury wa Harvard kilichotoka mwaka 1981. Somo lake ni kutenganisha msimamo na maslahi. Msimamo ni kile mtu anachosema anakitaka, maslahi ni sababu ya kukitaka. Misimamo ikigongana, chimba chini yake, huenda maslahi hayagongani hata kidogo. Ni somo zuri, na mimi mwenyewe nimelitumia nyumbani kuamua ugomvi wa rimoti ya televisheni.

Leo nataka kulihakiki. Nalipima kwa mgogoro ninaoujua tangu utotoni, yaani ule wa Tanzania na Malawi kuhusu mpaka wa Ziwa Nyasa, ambalo wenzetu wa ng'ambo wanaliita Ziwa Malawi. Mimi ni wa Mbinga, milimani, lakini mama yangu ametoka Liuli, ufukweni. Kwa hiyo siku mhadhiri alipotutangazia kwamba zoezi la kuigiza mazungumzo litahusu ziwa hilo, nilikaa sawa kwenye kiti.

Tuligawanywa makundi matatu: Tanzania, Malawi, na wapatanishi. Tukapewa saa mbili. Tukachimba maslahi kama kitabu kinavyoagiza, tukaorodhesha samaki, usafiri, maji, mafuta na gesi, heshima ya taifa. Saa mbili hazijaisha tukawa na makubaliano: suala la mpaka liwekwe kando, rasilimali zisimamiwe na kamati ya pamoja. Darasa likapiga makofi. Jioni nikampigia mjomba wangu, ambaye anavua dagaa Liuli, nikamsimulia kwa mbwembwe. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Sawa, mpwa wangu. Sasa wavu wangu ukikatwa usiku na mtumbwi wa upande wa pili, hiyo kamati yenu nitaipata wapi?”

Sikuwa na jibu. Makala haya yametokana na swali lake.

Mgogoro wenyewe kwa ufupi

Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao wengi wanaujua kwa jina la Heligoland-Zanzibar. Ibara ya kwanza inasema mpaka wa himaya ya Wajerumani ukifika ziwani unafuata ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi, mpaka ukingo wa kaskazini wa mlango wa mto Songwe. Ukiusoma hivyo hivyo ulivyo, maji yote ya upande huo ni ya Nyasaland, ambayo ndiyo Malawi ya leo. Mtoto wa Mbamba Bay akiingia ziwani kuoga, tayari yuko nchi nyingine.

Malawi inashikilia maneno hayo. Ina hoja nyingine nzito pia: mkutano wa wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Cairo Julai 1964, siku chache tu baada ya Malawi kupata uhuru, uliazimia kwamba mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru iheshimiwe. Azimio hilo lilipelekwa mezani na nani? Na Tanganyika na Zanzibar, ndugu msomaji, chini ya Mwalimu Nyerere. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1967, serikali yake hiyo hiyo ikadai kwamba mpaka unapita katikati ya ziwa.

Tanzania nayo haikosi hoja. Ramani za Waingereza wenyewe, walipokuwa wakitawala pande zote mbili, hazikukubaliana: nyingine zilionyesha mpaka ufukweni, nyingine katikati. Upande wa Msumbiji, Uingereza na Ureno zilikubaliana mwaka 1954 mpaka upite katikati ya ziwa, isipokuwa visiwa vya Likoma na Chizumulu vilivyobaki vya Nyasaland. Tena ibara ya sita ya mkataba ule ule wa 1890 inaruhusu mistari hiyo irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali husika. Tafadhali yashike maneno hayo ya mwisho, nitayarudia.

Baada ya 1967 suala likalala. Likaamka Malawi ilipotoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani mwaka 2011, na mwaka 2012 Tanzania ikataka kazi hiyo isimame. Mazungumzo yakaanza, yakakwama, Malawi ikajitoa kwa muda ikilalamika, pamoja na mengine, kwamba wavuvi wake wanasumbuliwa. Hatimaye mgogoro ukapelekwa kwa jopo la marais wastaafu wa Afrika likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, pamoja na Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Festus Mogae wa Botswana. Zaidi ya miaka kumi imepita, mpaka bado haujakubaliwa. Vita pia havijatokea.

Pale chungwa linapofaa

Tuwatendee haki Fisher na Ury kwanza. Mfano wao mkubwa ni Sinai. Israeli iliiteka mwaka 1967, Misri ikaitaka yote irudi. Ukichora mstari popote, mmoja anakataa. Walipochimba wakaona kwamba Misri inataka mamlaka juu ya ardhi yake, na Israeli inataka vifaru visikae mpakani kwake. Mazungumzo ya Camp David ya 1978 yakafungua njia: ardhi yote irudi Misri, lakini sehemu kubwa isiwekwe majeshi. Hapo njia yao ilizaa matunda.

Na huku kwetu haiko mbali. Mto Songwe, ule ule ambao mkataba wa 1890 unaishia mlangoni pake, unahamahama. Mvua zikizidi unabadilisha njia, na shamba lililolala Tanzania linaamkia Malawi, au kinyume chake. Hasara hiyo haichagui bendera. Mwaka 2017, huku suala la ziwa likiwa halijaguswa, nchi hizi mbili zilisaini mkataba wa kuunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo. Serikali zile zile zinazotofautiana juu ya ziwa zimekaa meza moja kwa ajili ya mto unaolilisha ziwa hilo.

Kwa hiyo sisemi kitabu ni kibovu. Ninasema kina mahali kinapoishia, nasi tunafundishwa kana kwamba hakina.

Mahali pa kwanza: watoto wa kwenye hadithi hawana historia

Mtoto anayelilia ganda hakuambiwa na babu yake kwamba ganda ni lao. Ziwa si hivyo. Maji hayo ni karibu sehemu moja ya tano ya eneo lote ambalo Malawi inalihesabu kuwa lake. Ukimwambia mjumbe wa Lilongwe “tuache mpaka, tuzungumze samaki,” unamwomba aiweke mezani sehemu ya tano ya nchi yake kabla hata ya chai. Kwake yeye umiliki ndio maslahi yenyewe, hakuna kitu kingine kilichojificha chini yake. Na mjumbe wa Tanzania, anayeambiwa kwamba wananchi wake wa Kyela, Ludewa na Nyasa wanachota maji ya kunywa katika nchi ya watu, naye hawezi kuliona hilo kuwa jambo la samaki tu.

Hata wapatanishi walikuwa na historia. Vitabu vingi vya utangulizi vinamtaka mpatanishi asiye na upande. Chissano anatoka nchi ya tatu ya ziwa hilo hilo, ambayo ilishapata mstari wake wa katikati mwaka 1954. Mogae alikuwa rais wa Botswana mwaka 1999, wakati Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilipoipa nchi yake kisiwa cha Kasikili, au Sedudu, dhidi ya Namibia. Kesi ile ilihusu tafsiri ya mkataba gani? Huu huu wa 1890, ibara nyingine. Paul Wehr na John Paul Lederach waliandika mwaka 1991, wakitumia uzoefu wa Amerika ya Kati, kwamba mara nyingi mpatanishi anayeaminika ni yule wa ndani, anayejulikana na mwenye kitu cha kupoteza. Mimi nadhani hilo linaelezea jopo la Chissano vizuri kuliko neno “kutokuwa na upande.” Kwenye zoezi letu lakini, kundi la wapatanishi lilipewa karatasi yenye sentensi moja tu: ninyi hamna upande.

Mahali pa pili: nani hayupo mezani

Sasa turudi kwenye yale maneno, “mahitaji ya mahali husika.” Waliyaandika watu waliokaa Ulaya, na wa mahali penyewe hakuulizwa mtu. Miaka 12 baada ya mkataba, mwaka 1902, Wamatengo walipigana na Wajerumani pale Litembo, juu ya Mbinga, wakauawa kwa wingi. Wengi wao yaelekea walikuwa hawajapata kusikia kwamba kuna karatasi iliyowaweka chini ya Wajerumani. Wamatengo hao walishajifunza kuishi na migogoro kabla ya hapo. Walipandishwa milimani na mashambulizi ya Wangoni, na huko kwenye miteremko mikali wakaendeleza kilimo cha ngoro, mashimo yanayoshika maji ya mvua yasiburuze udongo. Ukipita leo njia ya Mbinga na kuona vilima vilivyojaa mashimo yaliyopangwa kama draftiboti, unaona pia jibu la watu waliobanwa na vita mahali ambapo ardhi ni haba.

Kwenye jedwali letu la wahusika, watu hao hawakuwemo. Wavuvi walikuwemo mara moja tu, chini ya kichwa “malalamiko.” Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2012: mvuvi alitajwa kama sababu ya kusimamisha mazungumzo, hakutajwa kama mtu wa kuzungumza naye. Kitabu cha Fisher na Ury hakikatazi kumweka mvuvi mezani. Ila kinaanza pale ambapo meza imeshapangwa, na kazi ya kupanga meza kinamwachia mwingine.

Mahali pa tatu: mgogoro usiomuuma mkubwa

William Zartman ana nadharia maarufu ya kuiva kwa mgogoro. Anasema pande mbili hukaa kuzungumza kwa dhati zinapokuwa zimekwama mahali panapoziumiza zote, na zikaona kuna njia ya kutokea. Darasani tuliuliza: je, mgogoro wa Nyasa umeiva? Tukajibu bado, tukafunga daftari.

Lakini umwumize nani? Serikali mbili hazipotezi kitu kila siku kwa kukosa mpaka. Hapa Getting to Yes chenyewe kinasaidia kuliko Zartman, maana kinatufundisha kuuliza kila upande una njia gani mbadala makubaliano yasipopatikana. Njia mbadala ya Lilongwe na ya Dodoma ni kuendelea kama jana. Njia hiyo ni rahisi, haina gharama ya kisiasa, haimkasirishi mpiga kura. Ukikubali mstari wowote, kuna mtu atakuita msaliti.

Anayelipa ni aliye majini. Usiku wa giza, ndio usiku mzuri wa dagaa, mtumbwi unafuata samaki kwa mwanga wa taa. Chini ya maji hakuna alama ya mpaka. Mbasa, samaki ambaye wenzetu wanamwita mpasa, hupanda mito kutaga, na mmojawapo wa mito hiyo ni Ruhuhu, unaoingia ziwani upande wetu. Akizaliwa huku anakua kule. Sasa mvuvi aulize: nikivuka, nimevuka nini? Johan Galtung aliandika mwaka 1969 kwamba kukosekana kwa vita hakutoshi kuitwa amani, na kwamba kuna madhara yanayowapata watu bila mtu yeyote kurusha risasi. Ukiyatumia maneno yake, ziwa letu lina amani hasi tangu 1967. Sikatai. Ila maneno “amani hasi” nayo yana uvivu wake: yanatuambia kinachokosekana, hayatuambii watu wanafanyaje kila siku katika kukosekana huko.

Lakini tusiwapambe watu wa ufukweni

Hapa kuna mtego, na baadhi yetu wanafunzi tunaupenda: kusema wakubwa wanagombana, wananchi wako sawa, basi tuwaachie wananchi. Ni kweli kuna undugu unaovuka maji. Mbamba Bay inatazamana na Nkhata Bay. Wamisionari wa UMCA waliokuwa na makao Likoma waliihudumia Liuli kwa meli, na ndoa, maziko na biashara vimepita njia hiyo hiyo.

Lakini Liuli ina kumbukumbu nyingine. Wakati wa Wajerumani iliitwa Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliifuata pale meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mzinga. Nahodha wa Wajerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, na habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Inasimuliwa kwamba alimwendea kwa mashua akifoka, akidhani mwenzake amelewa. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, nami nilikicheka nilipokisikia mara ya kwanza.

Kisomee kama mwanafunzi wa amani uone kinavyobadilika. Urafiki wa watu wawili wa ziwani haukuchukua hata dakika moja kuvunjwa na uamuzi uliofanyika Ulaya. Maelewano ya ufukweni ni kitu halisi, lakini hayana ngao. Siku mkubwa akiamua kurusha mzinga, au kupeleka boti ya doria, undugu hauna pa kushtakia. Kwa hiyo mpaka unaojulikana ni muhimu, sheria ni muhimu, na Chissano alikuwa na kazi ya kweli.

Tunachokosa ni kiungo cha kati. Elinor Ostrom alionyesha katika Governing the Commons, mwaka 1990, kwamba watu wanaotumia rasilimali moja wanaweza kujiwekea sheria zinazodumu. Miongoni mwa masharti aliyoyaona ni mawili yanayotuhusu: wawe na mahali pa karibu na pa bei nafuu pa kuamulia ugomvi, na serikali iwatambulie haki ya kujipangia. Tanzania ina vikundi vya BMU kwenye mialo, vinavyosimamia uvuvi ngazi ya kijiji. Malawi ina kamati zake za vijiji vya ufukweni. Kila kimoja kinatazama serikali yake. Kamisheni ya Songwe imetuonyesha kwamba nchi hizi zinaweza kuunda chombo cha pamoja bila kumaliza kwanza suala la ziwa. Basi BMU ya upande huu na kamati ya upande ule kutambuana rasmi, kwa ajili ya nyavu zilizokatwa na mitumbwi iliyopotea tu, hakumnyang'anyi mtu sehemu ya tano ya nchi yake. Hati ya makubaliano inaweza kusema waziwazi kwamba haigusi hoja ya mpaka ya upande wowote.

Zoezi letu lingekuwaje

Ningepewa nafasi ya kuliandika upya zoezi lile, nisingelitupa chungwa. Ningebadilisha mambo matatu. Kwanza, kundi la nne liwe la watu wa ufukweni wa pande zote mbili, na makubaliano yasihesabiwe kuwa yamekamilika mpaka walisomee kundi hilo na kujibu maswali yake. Pili, wapatanishi wapewe historia yao ya kweli, waeleze wataaminiwaje wakiwa nayo. Tatu, nusu ya muda itengwe kwa swali lisiloulizwa: mgogoro huu usipoisha kwa miaka 50 ijayo, watu waishije nao, na nani alipe gharama ya kusubiri?

Hilo la tatu ndilo kubwa. Shahada zetu zina neno “utatuzi” kwenye jina, na jina hilo linatufanya tuhesabu mgogoro ambao haujatatuliwa kuwa kazi ambayo haijaanza. Ziwa Nyasa limekaa na mgogoro wake tangu 1967 na watu wamevua, wameoana, wamezikana. Wamefanyaje? Hilo ni swali la utafiti, la kwenda kwenye mwalo na daftari, na silioni kwenye orodha zetu za mada za tasnifu.

Nimeshaandika pendekezo langu la utafiti. Kichwa chake ni kirefu na cha kitaalamu kama vinavyotakiwa viwe. Ila kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu nimeandika swali la mjomba, lile la wavu. Nikimaliza masomo nikiwa bado siwezi kumjibu, nitakuwa nimepata shahada tu.